Lahaul na Spiti: kura kwa binti, shamba kwa kaka

Jina la Keylong nililiona kwa mara ya kwanza katika historia ya kanisa. Sisi Wamoravian wa Mbeya tunajua vizuri kwamba wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891. Wasilolijua wengi wetu ni kwamba miaka thelathini na mitano kabla ya hapo, wenzao wawili, Heyde na Pagell, walikuwa wameshafungua kituo katikati ya Himalaya, huko Keylong, bonde la Lahaul. Walikuwa wanaelekea Mongolia, wakazuiwa kupita Tibet, wakabaki palepale walipokwamia. Kanisa lao halikukua sana. Viazi walivyoleta vilibaki, na ufumaji wa soksi ukabaki: Maria Heyde aliwafundisha akina mama wa bonde kufuma, na leo soksi za Lahaul zina hati ya serikali ya India inayolinda jina lao, asiyetoka huko asilitumie.

Tangu nisome habari hizo, Lahaul imekuwa kwangu kama kijiji cha ndugu wa mbali. Kwa hiyo tarehe 4 Juni 2024, dunia nzima ikingoja kujua kama Narendra Modi atarudi madarakani, mimi nilikuwa natafuta matokeo ya kiti kimoja tu kwenye Bunge la jimbo la Himachal Pradesh. Kiti cha Lahaul na Spiti kilikuwa kwenye uchaguzi mdogo. Aliyeshinda ni mwanamke, Anuradha Rana wa chama cha Congress, kwa tofauti isiyofika kura elfu mbili.

Mwanamke wa mwisho kukikalia kiti hicho kabla yake alikuwa Lata Thakur, aliyechaguliwa mwaka 1972, uchaguzi wa kwanza tangu Himachal ipewe hadhi ya jimbo kamili Januari 1971. Kati ya hao wawili imepita miaka hamsini na miwili. Na mtu aliyepoteza kiti hicho, akaangukia nafasi ya tatu, ni Ravi Thakur, mtoto wa kumzaa wa Lata Thakur.

Hilo linahitaji maelezo. Ravi Thakur alishinda mwaka 2022 kwa tiketi ya Congress. Februari 2024, wakati wabunge wa jimbo wanamchagua mjumbe wa Baraza la Juu la taifa, yeye na wenzake watano wa Congress walimpigia mgombea wa BJP, chama cha Modi. Kura zikatoka 34 kwa 34, mshindi akapatikana kwa bahati nasibu, na Congress ikakosa kiti ilichodhani ni chake. Siku mbili baadaye Spika aliwavua ubunge wote sita kwa kukaidi agizo la chama wakati wa bajeti. Wakahamia BJP, wakarudi kuomba kura zilezile. Lakini uhamisho huo ulimkera mtu mwingine: Ram Lal Markanda, aliyekuwa waziri wa BJP na mpinzani wa Thakur kwa miaka mingi, aliona tiketi yake inapewa adui yake wa jana. Akajitoa, akagombea akiwa huru. Wanaume wawili waliozoea kupokezana kiti wakagawana kura za upande mmoja, na Rana, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wilaya, akapita.

Wapo watakaosema alibebwa na ugomvi wa wanaume. Mimi sikubaliani nao. Ugomvi ulifungua mlango, ni kweli, lakini mlango ukifunguka lazima awepo mtu aliyesimama karibu nao, na Rana alikuwepo kwa sababu ya kazi ya chini kabisa ya siasa: mabaraza ya vijiji na ya wilaya. Himachal imetenga nusu ya nafasi za mabaraza hayo kwa wanawake. Bunge la jimbo halina kanuni kama hiyo, na tofauti inaonekana wazi. Uchaguzi wa mwaka 2022 ulimpa mwanamke kiti kimoja tu kati ya 68, ingawa wanawake walijitokeza kupiga kura zaidi kuliko wanaume. Rana alikuwa wa pili kuingia, na mwezi mmoja baadaye, kwenye uchaguzi mwingine mdogo, akaingia wa tatu. Sheria ya kutenga theluthi moja ya viti vya ubunge kwa wanawake ilipitishwa India Septemba 2023, ila imefungwa kwenye sensa mpya na ugawaji mpya wa mipaka ya viti.

Milima ile imewahi kuwakilishwa na wanawake. Mwaka 1952 Himachal ilimpeleka Delhi Rajkumari Amrit Kaur, aliyekuwa tayari waziri wa kwanza wa afya wa India huru tangu 1947. Mwaka 1977 Ladakh, jirani wa kaskazini, ilimchagua Rani Parvati Devi. Majina yenyewe yanajieleza: mmoja binti wa ukoo wa kifalme, mwingine mke wa mfalme. Hata leo mbunge wa Mandi katika Bunge la taifa, kiti kinachoimeza Lahaul na Spiti pamoja na sehemu kubwa ya Himachal, ni mwanamke, Kangana Ranaut, aliyefika huko akiwa tayari nyota wa sinema. Siwabezi hata mmoja. Nasema tu kwamba mwanamke aliyeanzia kwenye baraza la wilaya, ambako hoja ni mfereji ulioziba na daraja lililobebwa na maji, ana aina nyingine ya ujuzi, na mahali kama Lahaul ujuzi huo ndio unaotakiwa.

Maana mahali penyewe ni hivi. Wilaya nzima ni kiti kimoja. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 13,800 hivi, umeuzidi kidogo mkoa wa Kilimanjaro. Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu zaidi ya 1,800,000 mwaka 2022. Lahaul na Spiti, katika sensa ya India ya mwaka 2011, ilikuwa na watu 31,564. Wapiga kura wake ni kama elfu ishirini na tano, wachache kuliko wa kiti kingine chochote cha jimbo hilo, katika eneo kubwa kuliko la kiti kingine chochote. Kituo cha kupigia kura cha Tashigang, upande wa Spiti, kiko mita 4,650 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Kibo Hut, pale wapanda Kilimanjaro wanapolala kabla ya kwenda kileleni. Kuna mashine ya kura, kuna maofisa waliopanda na mizigo yao, na mwaka 2024 kulikuwa na wapiga kura 62 kwenye orodha.

Halafu wilaya hiyo moja ni mabonde mawili yasiyoonana. Lahaul iko magharibi, ambako mito ya Chandra na Bhaga inakutana Tandi na kuwa Chenab. Spiti iko mashariki, kavu zaidi, juu zaidi, nchi ya monasteri za Kibuddha. Ile ya Tabo ilijengwa mwaka 996 na bado watawa wanasali humo. Katikati umekaa mpito wa Kunzum, zaidi ya mita 4,500. Kiangazi unatoka Keylong hadi Kaza, mji mkuu wa Spiti, kwa barabara isiyofika kilomita 200. Theluji ikishuka, barabara hiyo inafungwa kwa miezi, na mbunge anayetaka kwenda kuwaona wapiga kura wake wa upande wa pili lazima ashuke Manali, azunguke hadi upande wa Shimla, makao makuu ya jimbo, apande tena kupitia wilaya ya Kinnaur, kisha ndiyo aingie Kaza kwa mlango wa nyuma. Anatoka nje ya kiti chake, anavuka wilaya za watu wengine, ili arudi ndani ya kiti chake.

Spiti ina watu takriban 12,000, na malalamiko yake ni ya zamani: Lahaul ina kura nyingi zaidi, kwa hiyo wabunge huangalia Lahaul. Lakini asije mtu akadhani watu wa Spiti ni wa kukaa wakisubiri. Tarehe 9 Juni 2020, wakati wa korona, Ram Lal Markanda, huyohuyo, akiwa mbunge wao na waziri wa kilimo wa jimbo, alifika Kaza. Wenyeji walikuwa wamejiwekea kanuni kwamba kila anayetoka nje akae karantini kwanza. Akina mama wa vikundi vya kijiji, wanaoitwa mahila mandal, walisimama barabarani wakamwambia waziri kanuni ni ya wote. Waziri akageuza gari. Baadaye polisi wakafungua jalada dhidi ya akina mama hao. Nilipoona jina la Markanda likishindwa na mwanamke miaka minne baadaye, nilikumbuka ile barabara ya Kaza. Siwezi kusema tukio moja lilizaa jingine. Nasema wanawake wa kule walishaonyesha kwamba hawamwogopi waziri.

Kwa miaka mingi sehemu kama hizi ziliwakilishwa kwa njia nyingine kabisa, na mfano bora ni ule wa handaki. Zamani, Lahaul ilitengwa na India nzima na mpito wa Rohtang, mita 3,978, uliofungwa na theluji karibu nusu ya mwaka. Mgonjwa wa Januari alisubiri helikopta ya serikali, na helikopta ilisubiri hali ya hewa. Mwaka 1998 mzee mmoja wa Lahaul, Tashi Dawa, alisafiri hadi Delhi kumwona rafiki yake wa ujanani, akamwomba handaki. Rafiki yake huyo alikuwa Atal Bihari Vajpayee, na alikuwa Waziri Mkuu. Juni 2000 Vajpayee alifika Keylong akatangaza mradi. Handaki lilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 2020, urefu wa kilomita 9 chini ya mlima, likapewa jina lake. Mzee Dawa alikuwa ameshafariki.

Kisa hiki husimuliwa kwa furaha, na mimi pia kinanifurahisha. Lakini kila nikikifikiria naona na upande wake mwingine: bonde zima lilihitaji bahati kwamba mzee mmoja aliwahi kuwa rafiki wa kijana ambaye baadaye angekuwa mkubwa. Bonde la jirani lisilokuwa na rafiki huyo lifanye nini? Spiti haina handaki. Kazi ya mbunge ni kuondoa bahati hiyo kwenye hesabu, mama mjamzito wa Losar, kijiji cha Spiti, asitegemee nani alisoma na nani.

Handaki nalo limeleta mambo yake. Magari ya watalii sasa yanaingia Lahaul kwa dakika chache, na pale Sissu, karibu na mdomo wa handaki, mashamba ya viazi na njegere yamepakana na hoteli. Takataka zimekuja pamoja na wageni. Barafu za milimani zinayeyuka, maziwa yanayotokana nazo yanatanuka, na ziwa la Ghepan juu ya Sissu linachunguzwa na wataalamu kwa hofu ya kupasuka. Mwaka 2023 nyumba na mashamba ya kijiji cha Lindur yalianza kupata nyufa, ardhi inateleza kuelekea korongo la Jahalma. Ardhi ya kulimika ilikuwa kidogo tangu mwanzo. Sasa inapungua huku bei yake inapanda.

Na hapa ndipo linapokuja jambo lililonifanya niandike makala hii.

Katika Lahaul na Spiti, kwa mila, binti harithi shamba la baba yake kama yupo mtoto wa kiume. Mila hiyo iliandikwa enzi za Waingereza katika madaftari ya kila eneo yanayoitwa wajib-ul-arz, na mahakama bado zinayafungua. Ina mantiki yake, na si haki kuicheka. Bonde linavuna mara moja kwa mwaka, kwa maji ya barafu yanayoletwa kwa mifereji ya mkono. Shamba likikatwa vipande kila kizazi, baada ya vizazi vitatu hakuna nyumba itakayokula. Kwa hiyo Spiti mtoto wa kwanza wa kiume alirithi nyumba kubwa na shamba lote, wazazi wakahamia nyumba ndogo, wadogo zake wakaenda utawani. Lahaul ndugu waliweza kuoa mke mmoja kwa pamoja ili ardhi isigawanyike. Binti alipewa vito vya mama yake, fedha na feruzi. Kama nyumba haikuwa na mtoto wa kiume, binti aliweza kubaki na mume akahamia kwake. Mila, basi, inajua kabisa kwamba mwanamke anaweza kuishika nyumba na shamba. Inamruhusu pale tu asipokuwepo mwanamume.

Lakini nusu ya mpangilio huo imeshakufa. Wadogo hawaendi tena utawani kwa lazima, wanagawana shamba. Ndoa za ndugu wengi zimekwisha isipokuwa masalia. Wanaume wamejiondolea masharti yaliyowabana, wakabakiza lile linalombana dada yao. Na dada huyo ndiye anayepanda, anapalilia na kuvuna, kwa sababu kazi nyingi za shamba kule hufanywa na wanawake.

Sheria ya taifa haimsaidii. Sheria ya Mirathi ya Wahindu ya mwaka 1956, ambayo inawahusu pia Wabuddha na ambayo siku hizi inampa binti haki sawa na kaka, ina kifungu cha 2(2) kinachosema haiwahusu watu wa makabila yaliyoorodheshwa, mpaka Serikali Kuu itakapotangaza vinginevyo katika Gazeti la Serikali. Watu wa Lahaul, Spiti na Kinnaur wameorodheshwa. Wanawake wa Kinnaur wakiongozwa na Rattan Manjari wamelipigania jambo hili kwa miongo kadhaa. Juni 2015 Mahakama Kuu ya Himachal iliwapa ushindi: ikaamua mabinti wa maeneo ya makabila warithi kwa sheria hiyo. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ya India ikaifuta amri hiyo, ikisema kifungu kiko wazi na Mahakama Kuu haikuwa na mamlaka ya kukivuka. Kinachotatanisha ni kwamba Julai mwaka huohuo, katika kesi ya familia ya kabila la Wagond, mahakama hiyohiyo ya juu ilisema kumnyima mwanamke wa kabila urithi, pasipo mila iliyothibitishwa, ni ubaguzi. Tofauti ni hilo daftari. Mwanamke ambaye mila za kwao hazikuandikwa ana nafuu kuliko yule ambaye za kwao ziliandikwa na karani wa mkoloni.

Hili halinishangazi kwa sababu nimelelewa karibu nalo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Tulilishangilia, na linafundishwa vyuoni hadi leo. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lenye kanuni za urithi zinazomweka binti nyuma, bado halijafutwa. Hukumu inaweza kuwa nzuri na daftari likabaki kabatini.

Wanaotetea mila ya Lahaul wana hoja moja nzito: binti akirithi kisha akaolewa na mtu wa nje, ardhi itatoka mikononi mwa kabila, hasa sasa ambapo wenye hoteli wanaitamani. Ingekuwa kweli ningeinyamazia kwa muda. Lakini Himachal ina sheria ya mwaka 1968 inayozuia ardhi ya watu wa makabila kwenda kwa asiye wa kabila bila kibali cha serikali. Kizuizi kipo tayari, na kinamhusu muuzaji yeyote, kaka au dada. Kama kina matundu, kizibwe. Hoteli zilizoota Sissu zimeota wakati mabinti hawarithi kitu, kwa hiyo si wao waliozileta.

Ndiyo maana ushindi wa Anuradha Rana haunitoshi kuusherehekea tu. Wanaume wa bonde wamekubali kumpa mwanamke sauti juu ya barabara, hospitali, mifereji na bajeti ya wilaya nzima. Na mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwake, mwenye kaka, hawezi kurithi tuta moja la njegere alilolilima tangu utoto. Lata Thakur aliingia bungeni mwaka 1972 kifungu hicho kikiwa na umri wa miaka kumi na sita. Rana ameingia kikikaribia sabini.

Najua mbunge wa jimbo hana kalamu ya kukifuta. Kalamu iko Delhi, na wala haihitaji sheria mpya: kifungu chenyewe kimeipa Serikali Kuu uwezo wa kutangaza. Desemba 2022 Mahakama ya Juu iliiomba serikali ifikirie kukibadili. Rais wa India, Droupadi Murmu, ni mwanamke wa kabila lililoorodheshwa, Msantal. Mbunge wa taifa wa eneo hilo ni mwanamke. Mbunge wa jimbo ni mwanamke. Sidhani kama mpangilio huo umewahi kutokea, na uchaguzi ujao wa Himachal unatarajiwa mwishoni mwa mwaka 2027.

Bunge la jimbo linaweza kupitisha azimio la kuiomba Delhi itoe tangazo kwa makabila ya Himachal. Azimio halilazimishi, lakini linaweka jambo kwenye kumbukumbu rasmi, na linawalazimu wabunge wa viti vitatu vya makabila, Kinnaur, Bharmour na Lahaul na Spiti, kusimama na kusema wako upande gani mbele ya akina mama waliowapigia kura. Wawili kati ya hao watatu ni wanaume. Mimi ningependa hoja hiyo iletwe na Rana, na ningependa iletwe wakati wa kiangazi, Kunzum ikiwa wazi, ili akina mama wa Spiti wanaotaka kwenda Shimla kuisikiliza wasizuiwe na theluji.